Harusi Iliyongoja Mfungo Sita

Mjukuu wangu alikuja kuniomba mizizi ya chango wiki chache kabla ya harusi yake. Naandika haya kwa ruhusa yake. Sharti lake lilikuwa nisitaje jina lake wala la binti aliyemposa, na mimi nimeona heri nisitaje la mtu yeyote.

Naishi Vihingo, Kisarawe, katika nyumba niliyoachiwa na marehemu mume wangu, pamoja na shamba la mihogo na mikorosho michache inayozaa ikitaka. Asubuhi na alasiri nafundisha mabinti Kurani katika chuo kilicho nyuma ya msikiti. Kazi yangu ya pili ni ukungwi. Mwali akikaribia kuolewa analetwa kwangu nimfunde. Ngoma nimeziacha zamani, mafunzo nimeyabakiza, na namshukuru Mungu kwamba imamu wetu hajawahi kunikataza. Yeye mwenyewe husema kuna mambo ambayo akiyasema yeye mimbarini watu watatazama chini, na nikiyasema mimi chumbani watu watacheka na kuyashika.

Mjukuu huyu ni mtoto wa mwanangu mkubwa. Anakaa Sofu, Kibaha, na ni fundi wa kuchomelea mageti na magrili ya madirisha. Kwetu mjukuu wa kiume ni mume wa bibi yake, kwa hiyo tangu alipokuwa anatambaa nimekuwa mkewe, na alipoposa nikatangaza mbele ya wazee kwamba nimeletewa mke mwenza bila kuulizwa. Wazee walicheka. Binti alikuwa wa Tangini, karibu na mjini, anashona nguo katika kibanda cha shangazi yake. Nilimpenda tangu siku ya kwanza kwa sababu nilipomwambia miguu yake myembamba haitaweza jembe la Vihingo, alinijibu kwa adabu kabisa kwamba yeye anakuja kuolewa na mume, jembe ameniachia mke mkubwa.

Harusi ilipangwa Mfungo Tatu, mwezi wa tatu baada ya Ramadhani, mara baada ya Idi ya kuchinja. Kabla ya Ramadhani wachumba wote wawili walikuwa wameshapima virusi vya UKIMWI, kwa sababu msikiti wa Kibaha ambako wangefungishwa ndoa unataka hivyo. Wakaonekana wazima. Nyumba yetu ilipokea habari ile kwa takbira. Mwanangu alisema sasa kijana amekuwa safi kama maziwa, na hakuna aliyewaza kwamba kile kipimo kilikuwa kimejibu swali moja tu, la siku ile tu.

Basi siku aliyokuja, ilikuwa mwisho wa Mfungo Pili. Alipita Mlandizi kwa pikipiki, akafika na vumbi hadi kwenye nyusi. Nilikuwa uani namenya mihogo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Leo umekumbuka kwa mke wa kwanza, kule umefukuzwa?"

Akacheka, lakini akacheka kifupi. Akakaa kwenye kigoda, akachukua kisu kingine, akaanza kumenya na mimi. Mwanamume wa mjini akishika muhogo bila kuombwa, ujue ana neno. Nikamwacha. Nimejifunza kuwa maneno ya aina hii ukiyavuta yanakatika.

Baada ya kuzunguka sana, mara mvua, mara bei ya vyuma, akasema mjomba wake amemwambia kwamba bwana harusi lazima anywe dawa ya chango mara tatu kabla ya kuingia ndani. Mbili ameshakunywa kwa mjomba. Ya tatu mjomba anataka ichimbwe na mimi, kwa sababu marehemu mama yangu alikuwa mchimbaji wa sifa katika vijiji hivi na miti yake mimi naijua.

Hapa inabidi nieleze, maana vijana wa siku hizi wanaweza wasijue na wazee wanaweza wakaudhika. Kwetu mwanamume akiumwa chini ya kitovu, ugonjwa wowote ule, jina lake ni chango au ngiri. Tumbo likimnyonga, chango. Akikojoa kwa maumivu, chango. Akitoka kidonda au usaha, chango limepasuka. Na kwa kuwa kila mwanamume huzaliwa na chango lake, hakuna aibu ndani yake, wala hakuna anayeuliza limetoka kwa nani. Unachemshiwa mizizi, unakunywa kikombe asubuhi na jioni, na watu wanakutakia heri. Ni desturi ya upole sana. Upole huo ndio hatari yake.

Nikamuuliza, kwa mzaha, kwani chango la mume wangu lilisema nini hata likahitaji vikombe vingi namna hii.

Akajibu akitazama muhogo. Kilikuwa kidonda. Kimoja tu, kidogo, mahali pake pa siri, hakikuuma hata kidogo. Alipomwonyesha mjomba wake, mjomba akasema hilo ni chango linatafuta njia, akampikia dawa. Alikunywa, na kidonda kikakauka chenyewe, kikapotea, hata kovu hulioni.

"Kwa hiyo dawa imefanya kazi, bibi. Hii ya tatu ni ya kufunga tu."

Niliweka kisu chini. 

Wakati wa baridi ya mwaka uliopita, makungwi na manyakanga wa upande wetu tuliitwa kwenye kituo cha afya kufundishwa. Tulikwenda kwa shingo upande, kila mmoja na kanga zake mbili, tukidhani tutakatazwa kazi yetu. Kumbe nesi aliyetufundisha alitaka tumsaidie. Alizungumza mengi, na mengi nimeyasahau, lakini moja lilinikaa. Alisema ugonjwa unaoitwa kaswende huanza na kidonda kisichouma, na kidonda hicho hukauka chenyewe hata mtu asipotumia dawa yoyote. Mgonjwa akiwa amekunywa mizizi, mizizi inapata sifa. Akiwa amesoma dua, dua inapata sifa. Ugonjwa wenyewe umeingia ndani umekaa. Siku ile nilirudi nyumbani nikiwaza wanaume wangapi mama yangu, Mungu amrehemu, alisifiwa kuwaponya.

Sasa mmoja alikuwa amekaa mbele yangu, mume wangu, damu yangu, na binti wa watu anapakwa liwa ya harusi Tangini.

Nikamwambia mzizi sichimbi, kesho tunakwenda kituo cha afya Kibaha. Akasimama. Akasema yeye yuko freshi, ameshapima, majibu yote msikitini wameyasikia. Nikamuuliza kipimo kile alipima lini na kidonda kilitoka lini. Akakaa tena. Alikuwa anajua hesabu ile kuliko mimi.

Sikumuuliza zaidi. Alieleza mwenyewe, akianza kwa kusitasita halafu kwa mfululizo, kama mtu anayetapika. Kulikuwa na mwanamke wa zamani, kabla ya posa. Aliachana naye, akafunga Ramadhani yote vizuri, halafu baada ya Idi ndogo wakarudiana, na hata kidonda kilipotoka hakuacha, kwa kuwa lilikuwa chango tu. Walikuwa wameachana kabisa siku si nyingi zilizopita. Nikamuuliza kuhusu mchumba wake. Akaapa kwamba hajamgusa.

"Unaapa kwa nani?"

"Kwa Mwenyezi Mungu, bibi. Hata mkono namshika kwa hofu, shangazi yake ana macho pande zote."

Nilisema alhamdulillahi kwa sauti hata kuku wakakimbia. Nataka msomaji anielewe. Nilikuwa nimekasirika, na toba nilimwambia aitafute kwa Mola wake kabla ya kuitafuta kwangu. Lakini nilichokisikia kwa nguvu zaidi moyoni kilikuwa furaha, na haraka. Kumbe mlango ulikuwa bado haujafungwa. Binti wa Tangini alikuwa mzima, na kijana alikuwa amekuja kwangu kabla, hakuja baada. Kama asingekuja kuomba mizizi nisingejua. Usiku ule nilisali rakaa za haja nikiwa nalia na kutabasamu pamoja.

Kesho yake tulikuwa Kibaha mapema. Kituoni tulikaa kwenye benchi pamoja na vijana wengi, wengine wamejifunika kofia mpaka puani. Mjukuu wangu alitaka nibaki nje. Alipoitwa, akasimama, akatazama mlango, akanitazama mimi, akasema, "Bibi, twende tu." Nesi wa pale, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, alimuuliza mara mbili kama kweli anaridhika nisikie. Akasema huyu ni mke wangu. Nesi alicheka, na chumba kikawa chepesi.

Walimchukua damu. Tulipokuwa tunangoja, mjukuu wangu aliuliza swali ambalo nilikuwa nalo mimi pia. Kidonda kimepona, na hata kama ni kaswende inatibika, sasa UKIMWI unaingiaje hapa? Hayo si magonjwa mawili tofauti?

Nesi akamuuliza kazi yake. Akasema anachomelea mageti.

"Geti lako likichanika kiungo," nesi akasema, "mwizi anahitaji ufunguo?"

"Hahitaji. Anapenya."

"Basi ngozi ni geti. Kidonda, hata kidogo, hata kisichouma, ni kiungo kimechanika. Virusi vinapenya hapo kwa urahisi kuliko kwa mtu asiye na kidonda."

Halafu akaeleza la pili, na hili ndilo lililonifanya nisogeze kiti. Alisema kuna magonjwa ya zinaa yasiyotoa kidonda kabisa, kama kisonono na mengine ambayo hayana hata jina la mtaani. Hayo yanaleta uvimbe ndani. Penye uvimbe mwili hutuma askari wake wengi kupigana. Na virusi vya UKIMWI chakula chao ni askari hao hao. Kwa hiyo mtu mwenye ugonjwa wa zinaa anakuwa amemkusanyia adui windo lake mahali pamoja, palepale mlangoni. Na ikiwa ni yule mwenye virusi ndiye aliyepata ugonjwa wa zinaa, na hatumii dawa zake, virusi vinajaa zaidi katika majimaji ya mwili wake, naye anaambukiza kwa urahisi zaidi.

Akaongeza kwamba wasichana wengi wanakaa na magonjwa hayo bila kuhisi kitu, hakuna maumivu wala uchafu, wanaonekana wazima na wao wenyewe wanajiona wazima. Na maumbile ya msichana mdogo, ndani, bado ni laini, yanaumia upesi. Ndiyo maana vijana wanaopata haya mara nyingi ndio haohao wanaokutwa baadaye na virusi.

Nilijisikia kama mwanafunzi wangu wa alifu siku anapoanza kuunganisha herufi na kugundua kuwa zinasema neno. Miaka yote nimewafundisha mabinti habari ya UKIMWI upande mmoja, na habari ya uchafu na maumivu upande mwingine. Hakuna aliyeniambia kuwa moja ni mlango wa lingine. Nilikuwa na hamu ya kurudi Vihingo siku ileile niwaite wote. Nesi aliniona nikitapatapa akaniuliza kama nataka maji.

Majibu yakatoka. Kaswende anayo. Virusi havikuonekana, lakini nesi hakuturuhusu kushangilia. Alisema virusi vikiingia mwilini hukaa muda bila kuonekana kwenye kipimo, na mtu huyu alikuwa na kidonda wakati akiendelea kukutana na mwanamke asiyejua hali yake. Achomwe sindano leo. Mwanamke yule aambiwe, aje atibiwe. Asikutane na mtu yeyote. Miezi mitatu ikipita tangu mara ya mwisho, arudi apime tena, na hapo ndipo atajua kweli.

Mjukuu wangu akasema harusi ni baada ya Idi.

Nesi akavaa glavu.

Alitoka ameshachomwa sindano, akichechemea, akasimama nje kwenye ukuta. Nilidhani atazungumza habari ya sindano. Akasema anaweza kuoa na akakaa na mkewe bila kumgusa mpaka miezi ipite, atasema anaumwa mgongo. Nikamwambia mimi ndiye ninayemfunda yule binti, na bibi harusi niliyemfunda mimi hatakubali mgongo usiku wa kwanza. Akacheka, machozi yakamtoka. Akasema basi nimwambie mimi.

"Siwezi," nikamwambia. "Siri ni yako. Nikiitoa mimi nimeiba. Mimi nitakuletea mke mwenzangu Vihingo, nitakaa karibu, utasema mwenyewe."

Kwa mara nyingine utani ulitusaidia. Wachumba hawaruhusiwi kukaa peke yao, lakini mke mkubwa ana haki ya kumwita mke mdogo amkague. Nilituma salamu Tangini kwamba nimesikia binti hajui kupika kisamvu na ninataka kuhakikisha. Shangazi yake akamleta mwenyewe, akatukanwa kidogo na mimi kwa jinsi alivyomkondesha mtoto, akajibu kwamba huku Vihingo watu hunenepa kwa uvivu, kisha akaenda kwa jirani kusalimia na kukaa. Yule mama ana akili. Alijua kuna jambo.

Binti alitwanga kisamvu kweli. Nilikaa jikoni na tasbihi yangu, mlango wazi, na wao wakakaa kwenye baraza ya nyuma, nikiwaona na kuwasikia. Mjukuu wangu alianza vibaya. Alianza na chango, akamtaja mjomba, akataja vikombe. Binti akamkatiza.

"Chango gani? Mimi nimekua mjini. Sema unaumwa nini."

Akasema. Alisema kaswende, akasema kidonda, akasema mwanamke. Akasema alipata wakati ameshamposa. Akasema kuhusu virusi kwamba bado haijulikani. Mchi ulikuwa umesimama. Nilisikia njiwa juu ya bati. Nilisoma kila dua niliyoijua na nyingine sikuzimaliza.

Binti akaanza kutwanga tena, kwa nguvu, kisamvu kikaruka. Alitwanga mpaka kikawa maji. Halafu akauliza jambo ambalo sikulitegemea.

"Huyo dada, ameambiwa?"

Mjukuu wangu akasema alimpigia simu, hakupokea.

"Utakwenda kwake na mtu mzima. Simu haitoshi. Na yeye ana watu wake."

Akasema hivyo, kisha ndipo akalia. Nilitamani kutoka nimkumbatie, nikajizuia. Alipomaliza kulia akajifuta kwa ncha ya kanga, akasema hawezi kumwambia leo kama atamuoa au hatamuoa. Angekuwa amefichwa angeondoka na asingegeuka. Kwa kuwa ameambiwa, atafikiri. Lakini harusi ya Mfungo Tatu hakuna. Na yeye mwenyewe atakwenda kupima, kila kitu, si kile kipimo kimoja cha msikitini.

"Na mimi sijawahi kupima hayo mengine," akasema. "Kwa nini niwe na uhakika na mwili wangu kwa kuuangalia tu?"

Nilikwenda naye wiki ile. Majibu yake ni yake, siyaandiki hapa. Mwanamke yule mwingine naye aliambiwa. Tulikwenda mimi na mjukuu wangu nyumbani kwake, alitutukana vya kutosha, alikuwa na haki, na baadaye nikasikia alikwenda kutibiwa. Nilimshukuru Mungu kwa ajili yake kama nilivyoshukuru kwa ajili ya wangu.

Iliyobaki ilikuwa vita ya tarehe. Mwanangu alipoambiwa harusi inasogezwa alikuja juu. Watu wameshaambiwa, turubai limeshaagizwa. Kule Tangini baba wa binti akauliza kama bwana harusi ameona mwingine. Majirani wakaanza kutazama tumbo la binti. Ilibidi watoto wale wawili wavumilie maneno ambayo yangewaangusha wazee. Mimi nikasimama kwenye kikao cha pande zote mbili, nikasema mke mkubwa hajatoa ruhusa. Nilisema mwali wangu hajaiva, sijamaliza kumfunda, na mtu anayetaka kuharakisha aje afunde yeye. Wanaume wakanung'unika. Mfungo Nne nikasema mimi nina kazi shambani. Mfungo Tano watu wetu wengi hawapendi kuozesha wakiogopa mikosi, ingawa dini haijawakataza, na siku ile sikuwakosoa. Ikaangukia Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi. Imamu wangu alisema ni mwezi wa baraka na kikao kikafungwa. Sikudanganya hata neno moja. Mwali wangu kweli alikuwa hajamaliza, na mimi mwalimu wake nilikuwa bado ninajifunza.

Maana miezi ile chumba changu cha kufundia kilichemka. Niliwaita mabinti, nikawaeleza habari ya geti na askari. Nilidhani watanyamaza. Waliuliza maswali hadi magharibi ikatukuta. Mmoja aliuliza kama mtu anaweza kuwa na kisonono na asijue. Mwingine akauliza mbona kaka yake hunywa mizizi ya chango kila mwezi. Mjukuu wangu naye akawapeleka mafundi wenzake wa Sofu kituoni, mmoja mmoja, kila mmoja akisema anamsindikiza mwenzake. Mjomba alikasirika kwamba tumemwita mwongo. Nilikwenda kwake na mihogo, tukazungumza siku nzima. Mizizi ya tumbo aendelee nayo, nilimwambia, Mungu ameweka dawa katika miti. Lakini mwanamume akimwonyesha kidonda, ampeleke kwanza kwa nesi. Hakusema ndiyo. Alikula mihogo.

Binti hakusema kama ataolewa. Alikuja kufundwa kila Jumamosi, alikaa, alisikiliza, alinitania, na neno lile hakulitoa. Nami sikumuuliza. Nilimwona tu akimtazama mjukuu wangu anapokuja na pikipiki kumfuata shangazi aliyemsindikiza, jinsi anavyosimama mbali na kusalimia kwa adabu, na nikaomba subira kwa wote watatu, wao na mimi.

Siku ya kurudi kupima ilifika Mfungo Tano. Nilifika kituoni nikiwa nimefunga. Mjukuu wangu alikuwa kwenye benchi. Hatukuwa tumepanga mtu mwingine aje. Nesi alipofungua mlango na kumwita, nilisikia viatu nyuma yetu, na binti akapita mbele yangu, na sindano ya kushonea bado imechomekwa kwenye kola yake.

"Shikamoo, mke mkubwa," akaniambia. "Leo wewe baki nje. Hii ni ya kwangu."

Akaingia naye.

Nilibaki. Sijui nilikaa muda gani. Nilisoma Yasini, nikapotea katikati, nikaanza tena. Nilimwambia Mola wangu kwamba kama virusi vipo, basi nipe maneno, maana wapo watu wengi wanaoishi navyo na wanakunywa dawa na wanazaa watoto wazima, nami nimewafunda wawili wa aina hiyo na ndoa zao zina furaha. Na kama havipo, nipe shukrani inayotosha. Nilikuwa nasema yote mawili kwa pamoja.

Mlango ukafunguliwa. Mjukuu wangu alitoka kwanza. Binti akatokeza nyuma yake.

"Havipo," akasema. "Kaswende imepona. Bibi, havipo. Na waambie baba zetu Mfungo Sita haisogezwi tena hata siku moja."

Nikauliza kibla kiko upande gani. Hakuna aliyenielewa. Nikauliza tena, nikiwa nimeshavua viatu, na binti akageuka akatazama jua dirishani, akaninyooshea mkono upande wa mlango wa duka la dawa. Nikasujudu palepale, kwenye sakafu ya kituo, sijda ya shukrani, paji la uso kwenye vigae vya baridi.

Nilisikia watu wakikimbia. Mtu alisema bibi kaanguka, leteni kiti, mwingine akanishika bega anisimamishe. Halafu nikasikia sauti ya mke mwenzangu juu yangu, imetulia kabisa.

"Mwacheni," alisema. "Bado hajamaliza."